Jirani anataka kung'oa michongoma ajenge ukuta wa fensi, na gharama tugawane. Tuanzie wapi?

BintiToangoma

Shikamooni wakubwa, na wengine habari zenu.

Kiwanja kiko Toangoma, Temeke, kimepimwa na kina hati. Kati yetu na jirani wa upande wa kaskazini kuna ua wa michongoma wenye urefu wa mita 24, ulipandwa na mwenye kiwanja wa kwanza kabla hakijauzwa. Upande wetu, ubavuni mwa ua, kuna matuta ya mchicha, matembele na bamia. Jirani ni mzee wa heshima zake na hatujawahi kukosana naye.

Sasa amekuja na mambo matatu kwa mpigo. Ua umeingia kwake kama nusu mita. Ataung'oa ajenge ukuta wa tofali za inchi 6. Na kwa kuwa ukuta utatusitiri wote, gharama tugawane nusu kwa nusu.

Hatukatai mpaka wa haki. Tatizo ni kwamba bikoni (alama ya mpima kwenye kona ya kiwanja) ya mbele, upande wa barabara, inaonekana, lakini ya nyuma haionekani. Programu ya ramani kwenye simu inaonyesha mstari unakata katikati ya matuta yetu, jambo ambalo hata mzee mwenyewe hajalidai. Halafu ardhi ina mteremko kuelekea kwake, maji ya masika yote hupita chini ya ua na kwenda zake. Ukuta ukisimama, yatapita wapi? Na je, tunalazimika kuchangia?

MpimaMipaka

Anzeni na mpaka, mambo ya tofali yasubiri. Mkijadili gharama kabla ya kujua mstari uko wapi, kila mtu atavutia kwake na mtagombana bila sababu.

Hiyo ramani ya simu iwekeni kando, wewe na mzee wote wawili. Simu ya kawaida, hata mahali pa wazi, hukosea kati ya mita 3 na 5, na ugomvi wenu ni wa sentimita 50. Tena viwanja vingi vya Dar es Salaam vilipimwa kwa mfumo wa koordineti wa Arc 1960, wakati simu inatumia WGS 84. Ukiingiza namba za ramani ya upimaji kwenye simu bila kuzigeuza, kiwanja kinahama mamia ya mita. Ukizigeuza kwa kukadiria, kinabaki karibu lakini si mahali pake, na hapo ndipo mtu anapodanganyika zaidi kwa sababu picha inaonekana kama ya kweli.

Toeni hati zenu zote mbili. Nyuma kuna ramani ndogo ya kiwanja yenye urefu wa kila upande na namba za bikoni. Angalieni kama upande mnaopakana una urefu uleule kwenye hati zote mbili na bikoni zenye namba zilezile. Ukiwa tofauti, simameni hapo hapo na muite mpima, msiendelee kwa tepu.

Ukiwa sawa, tafuteni bikoni ya nyuma. Bikoni ni chuma kilichosimikwa kwenye zege, na mahali penye bustani mara nyingi imefunikwa tu na udongo na majani yaliyooza, sentimita 20 au 30 chini. Pimeni kutoka bikoni ya mbele kwa tepu ya mita 30 au 50 iliyovutwa sawasawa, kisha pimeni pia kutoka bikoni ya nyuma ya upande wenu wa pili kama ipo. Vipimo viwili vinapokutana ndipo pa kutafutia. Msianze kwa jembe. Chukueni kipande cha nondo ya milimita 8, mchome ardhini kila sentimita 10 ndani ya duara la nusu mita. Nondo ikigonga kitu kigumu, fukueni kwa mkono. Mkiikuta bikoni imelala au inacheza, msiinyooshe. Hiyo haiaminiki tena, na kuihamisha au kuing'oa ni kosa chini ya Sheria ya Upimaji Ardhi, hata kama nia ni njema.

Bikoni zote mbili zikiwa imara, mstari wa moja kwa moja kati yake ndio mpaka. Tatizo la ua ni kwamba huwezi kufunga uzi katikati ya miiba. Kwa hiyo funga uzi sambamba, mita 1 ndani ya upande wenu. Kwenye kila bikoni pima mita 1 kwa pembe mraba, kwa ile hesabu ya mafundi ya tatu, nne, tano: futi 3 upande mmoja, futi 4 upande wa pili, kona kwa kona isome futi 5. Vuta uzi kati ya alama hizo mbili. Sasa, kila baada ya mita 2, pima kutoka kwenye uzi hadi katikati ya shina la mchongoma. Kipimo kikiwa chini ya mita 1, shina liko kwenu. Kikizidi, liko kwa mzee. Kwa mita 24 mtapata vipimo 13. Viandikwe kwenye karatasi moja mbele yenu wote na kila mmoja asaini.

Nasisitiza shina, kwa sababu michongoma isiyokatwa hutanuka kwa urahisi sentimita 50 hadi 60 kila upande. Madai mengi ya "umeingia kwangu nusu mita" hutokana na majani, mashina yenyewe yako mahali pake.

Bikoni isipopatikana, ajirini mpima aliyesajiliwa aje kufufua mipaka. Mwajirini mmoja kwa pamoja, mlipe wote wawili, na mwenyekiti wa serikali ya mtaa awepo. Kila mtu akileta mpima wake mtapata majibu mawili na shaka mara mbili. Kabla ya kulipa mwambieni mambo mawili. La kwanza, ahakikishe kazi yake kwa bikoni zisizopungua tatu za jirani ndani ya kitalu hicho ambazo hazijaguswa. La pili, awape ripoti yenye koordineti zilizosajiliwa, alizozikuta uwanjani, na tofauti kati yake. Mtu anayepima kutoka ukingo wa barabara au kutoka ukuta wa nyumba ya tatu kisha akapiga bikoni mpya hajafufua chochote. Amehamisha kosa la mtu mwingine kulileta kwenu.

Na ulizeni ua una umri gani. Sheria ya Ukomo inaweka miaka 12 kwa madai ya kurudisha ardhi. Ua uliosimama waziwazi kwa muda mrefu kuliko huo, bila ruhusa wala malalamiko ya mwenye ardhi, unabadilisha sura ya kesi. Kama mwenye kiwanja wa kwanza aliupanda kwa kuruhusiwa na mzee, hesabu hiyo haina nguvu.

FundiKozi

Marahaba dada. Mpima kamaliza juu ya ardhi, mimi nizungumzie chini, maana ndiko ukuta unakovukia mpaka bila mtu kuona.

Tofali la inchi 6 likisimama lina unene wa sentimita 15. Lakini msingi una kozi (safu za tofali) za kulaza, na tofali likilazwa linakuwa na upana wa sentimita 23. Chini ya hapo kuna zege, na kwa ukuta wa fensi zege la kawaida lina upana wa sentimita 45. Sasa mzee akisema "najenga kwangu, uso wa ukuta ushike mpaka", ukitazama juu ni kweli amejenga kwake. Chini, kozi za kulaza zimeingia kwenu sentimita 4 na zege limeingia sentimita 15, urefu wote wa mita 24. Leo haidhuru. Siku mtakapotaka kuchimba karo au msingi wa banda hapo, mtagonga zege la mtu na ugomvi utaanza upya.

Kwa hiyo kuna njia mbili za ukweli. Ajenge ndani ya kwake, uso wa ukuta ukae sentimita 15 hadi 20 kutoka kwenye mpaka, ukuta uwe wake na gharama zake. Au mkubaliane ukae katikati ya mstari, sentimita 7.5 kila upande, hapo ni wa wote na mnagawana. Ile ya katikati na katikati, yaani ukuta wa kwake lakini msingi unalala kwenu na nusu ya fedha mnatoa ninyi, msiikubali.

Mkichagua wa pamoja, hizi ndizo hesabu za mita 24 kwa urefu wa kozi 8 za kusimama, kama mita 2 juu ya msingi. Mziweke mezani, ili mchango ujadiliwe kwa vitu na si kwa bei ya kukisia ya fundi mmoja.

Mtaro uchimbwe upana wa sentimita 60, kina sentimita 60 au mpaka ufike udongo uliotulia. Mkikuta jalala la zamani au shimo lililofukiwa, chimbeni hadi liishe hapo, hata kama ni mita nzima. Zege la chini unene sentimita 15: ni mita za ujazo 1.6, mifuko 10 ya saruji ya kilo 50 kwa mchanganyiko wa moja kwa mbili kwa nne. Kwa ndoo za lita 20, mfuko mmoja unachukua ndoo tatu na nusu za mchanga na ndoo saba za kokoto. Maji yasizidi sana ndoo moja na robo. Mafundi wengi humwaga maji ili zege litembee lenyewe, na hilo ndilo linalotoa zege linalochubuka kwa ukucha.

Kozi tatu za kulaza zinakula tofali 156. Kozi nane za kusimama, ukitoa nafasi za nguzo, ni 376. Ongeza za kuvunjika, agizeni 565. Saruji ya kujengea mifuko 13. Nguzo kila mita 3, jumla 9, na mkanda mmoja wa zege juu ya msingi: mifuko 10 mingine, nondo 18 za milimita 12, na ringi za kufunga nondo kila sentimita 20. Jumla ya saruji mifuko 33 bila lipu.

Lipu isiwe ya pamoja. Kila mtu apige yake kwa upande wake, akitaka na akiweza. Hapo tu mnapunguza nusu ya mabishano, kwa sababu mmoja anataka lipu na rangi, mwingine anataka tofali zibaki hivyo.

Tofali zikaguliwe kabla ya kushushwa. Mfuko mmoja wa saruji utoe tofali 30 hadi 35 za inchi 6. Anayetoa 45 anauza mchanga uliofungwa. Liokote moja, liachie kutoka usawa wa kiuno lianguke kwenye udongo: likivunjika vipande vitatu, rudisha gari.

BintiToangoma

Asanteni sana. Nimeongea na mzee kuhusu kupima pamoja, amesema atafikiria, lakini fundi wake anaanza kuchimba Jumamosi. Simzuii kwa ubaya, nataka tu tupime kwanza. Jambo lingine, hati ni ya mama, na mama yuko Tanga. Mimi ndiye ninayeishi hapa. Naweza kusaini makubaliano?

KaraniWaKata

Dada, Jumamosi iko karibu, kwa hiyo nenda leo kwa mjumbe wako, na kesho asubuhi kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa na mtendaji wa mtaa. Usipeleke malalamiko marefu. Andika barua ya nusu ukurasa: namba ya kiwanja na kitalu, majina ya pande mbili, kwamba kuna shaka juu ya mpaka wa upande fulani, kwamba mnaomba kupima kwa pamoja kabla ya kuchimba, na tarehe mnayopendekeza. Nakala tatu. Ya kwako igongwe muhuri wa kupokelewa na iandikwe tarehe. Watu wengi huongea tu na mwenyekiti, naye husahau, na baadaye hakuna ushahidi kwamba uliomba mapema.

Kwa mzee mwenyewe usitume barua kwanza. Mzee wa makamo yake akipokea barua yenye muhuri kabla hujamfuata atajiona ameshtakiwa. Nenda jioni pamoja na mtu mzima wa upande wenu, mwambie kwamba mtaa utajulishwa ili kila mtu alindwe, yeye akiwemo, na umpe nakala mkononi. Jambo la kumwomba ni moja tu: siku chache za kupima. Gharama, tofali na maji msiziguse siku hiyo.

Ukuta wa tofali katika kiwanja cha mjini ni ujenzi, na ujenzi unataka kibali cha halmashauri. Muulize mzee kwa upole kama anacho. Kama hana na anakazana kuchimba, ofisi ya ujenzi ya manispaa inaweza kusimamisha kazi. Ila hiyo iwe akiba, kwa sababu alama ya X kwenye ukuta wa mtu huwa haisahauliki.

Ikishindikana mtaani, hatua inayofuata ni Baraza la Kata. Wengi bado wanadhani linatoa hukumu. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021, kwenye migogoro ya ardhi linasuluhisha tu. Wanakaa wajumbe watatu, angalau mmoja awe mwanamke, na mawakili hawasimami hapo. Usuluhishi ukishindikana wanatoa hati inayosema hivyo, na siku 30 zikipita bila suluhu unaweza kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya hata bila hati hiyo. Huko kwenye wilaya, maombi yaeleze ardhi yenyewe: namba ya kiwanja, upana na urefu wa kipande kinachobishaniwa, nani yuko pande zote nne, na thamani yake. Anayeandika "amevamia eneo langu" bila vipimo hujikuta maombi yake yanatupwa kabla hajasikilizwa. Vile vipimo 13 vya Mpima ndivyo vitakavyokuokoa. Kama ujenzi unaendelea, omba zuio la muda pamoja na hati ya dharura siku hiyohiyo unayofungua.

Mzee akianza kuchimba kabla ya hapo, usifukie mtaro, usikate uzi wa fundi, usiguse tofali. Piga picha zenye kitu kinachoonyesha kipimo, tepu iliyotandazwa ni bora zaidi. Kuharibu mali ya mtu ni jinai, na mwenye haki ya mpaka anaweza kulala kituoni kwa sababu ya tofali kumi.

Kuhusu kuchangia: kudaiwa nusu ya gharama kunahitaji makubaliano. Jirani hawezi kujenga kwa uamuzi wake kisha akakuletea hesabu. Lakini pia usiseme "tutaona" au "haina shida mzee" kwa ajili ya heshima. Maneno hayo kesho yatasemwa kuwa ulikubali. Sema wazi kwamba hamjakubali wala kukataa hadi mpaka upimwe.

Na kuhusu kusaini, hapana, wewe peke yako hutoshi. Mwenye hati ni mama, basi asaini mama, au akupe hati ya kumwakilisha iliyoshuhudiwa na wakili na inayotaja jambo hili kwa jina. Upande wa mzee angalieni vilevile. Kama nyumba ni ya ndoa, mke naye asaini. Kama kiwanja bado kina jina la marehemu, anayesaini ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, si mtoto mkubwa. Mpangaji hasaini kitu. Makubaliano mengi ya mpaka yaliyoandikwa vizuri na kugongwa muhuri hufa kwa sababu hii moja tu.

Karatasi yenyewe iwe na mchoro wa mkono unaoonyesha ukuta, bikoni mbili na umbali kutoka kona ya kila nyumba hadi ukutani. Iseme ukuta ni wa nani, nani analipa nini na lini, maji yanapita wapi, nani anatengeneza ukibomoka, na kama mtu anaruhusiwa kuegemeza banda au kupandisha kozi nyingine. Mashahidi wawili kila upande.

MatutaYaNyumbani

Mmezungumza ukuta kana kwamba ndio jibu pekee. Dada ana bustani upande wa kusini mwa huo ukuta, hebu tuihesabu.

Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta. Mwezi Juni jua la saa sita liko upande wa kaskazini, kwa hiyo ukuta wa mita 2 ulio kaskazini mwa matuta unatupa kivuli cha karibu mita 1.2 ndani ya bustani. Desemba jua la saa sita liko upande wa kusini, kivuli kinaenda kwa mzee. Maana yake ni kwamba tuta la kwanza litakosa jua la mchana katikati ya mwaka, majira ambayo mchicha ungependeza kwa ubaridi. Bamia ihamishwe mbali, mita 1.5 au zaidi. Ukanda wa karibu na ukuta wapeni mnanaa, tangawizi na manjano. Matembele yatavumilia, ila yatarefusha mashina na kupunguza majani.

Ukuta usio na tundu pia unazuia upepo. Kozi mbili za juu zikiwa za tofali za matundu, hewa inapita na macho hayapiti. Pendekezo dogo, na mzee hatalikataa.

Lakini kama shida ya mzee ni ua kuvuka mpaka, ua unaweza kusogezwa. Pandeni mstari mpya wa michongoma ndani ya kwenu, sentimita 50 kutoka kwenye mpaka, miche sentimita 30 kwa 30, jumla miche 80 kwa mita 24. Pandeni mvua za vuli au masika zikianza kushika. Ule wa zamani upunguzeni hadi mita 1.2 kwenda juu, na upande wa mzee ukatwe karibu na mashina. Michongoma huvumilia kukatwa sana. Mpya ukifika mita 1, wa zamani ung'olewe kwa gharama yenu. Misimu miwili hadi mitatu ya mvua inatosha kama mnamwagilia kiangazi. Usalama katikati ya hapo mnaupata kwa wavu wa fensi kwenye nguzo za zege, nguzo kila mita 2.5, sentimita 60 za nguzo ziwe ardhini. Maji yanapita, hewa inapita, na gharama haifiki karibu na ya ukuta.

Msije mkashauriwa kupanda minyaa kwa sababu inakua haraka. Utomvu wake ukiingia jichoni ni hatari, na upande wa pili kunaweza kuwa na watoto wanaocheza.

FundiKozi

Wavu nakubaliana nao, ila Toangoma ni bara kidogo. Kama ingekuwa Kunduchi au Kigamboni ufukweni, hewa ya chumvi inakula waya wa bei rahisi upesi, hapo nunueni uliopakwa plastiki au msahau. Na suala la usalama mzee ana haki ya kulitaka. Wavu unakatwa kwa koleo.

MkaziMbagala

Samahani kuingilia. Sisi Mbagala Kizuiani hatuna bikoni, tuna leseni ya makazi tu. Mpaka na jirani ni mnazi na kipande cha ukuta wa zamani. Hayo ya uzi na vipimo yanatuhusu?

MpimaMipaka

Yanawahusu kwa namna nyingine, mkuu. Leseni ya makazi haina bikoni nyuma yake, kwa hiyo mpaka wenu unathibitishwa kwa mikataba ya mauziano, majirani wa zamani na vitu vilivyosimama. Someni mikataba yote miwili muone imetaja nini: hatua, futi, mti, njia. Pimeni kutoka kwenye vitu visivyohama, kona ya nyumba ni bora kuliko mnazi, na muandikishane mbele ya mwenyekiti na majirani wa pande nyingine. Urasimishaji, yaani kupima makazi yaliyojengwa bila kupimwa, ukifika mtaani kwenu, hayo mliyokubaliana ndiyo mtakayomwonyesha mpima aweke bikoni. Mkisubiri siku hiyo ndipo mbishane, mpima ana viwanja vingi vya kumaliza na chenu kinaweza kuachwa nyuma.

BintiToangoma

Mama amekubali kutuma hati ya kumwakilisha, na mzee amesogeza kazi wiki moja. Nimalizie na la maji. Tukikubaliana ukuta, maji yafanyeje?

FundiKozi

Hilo ndilo linaloangusha kuta za fensi Dar kila masika, kuliko msingi mbovu. Ukuta wa tofali za inchi 6 umejengwa kuzuia watu. Maji na udongo havimo kwenye hesabu yake. Maji yakituama upande wa juu, udongo unalowa, unakuwa mzito na unasukuma, na ukuta unalala upande wa mzee. Udongo wa kwenu ukiwa juu kuliko wa kwake kwa zaidi ya sentimita 50 au 60, sehemu hiyo ya chini ijengwe kwa mawe au zege la nondo kama ukuta wa kuzuia udongo, na tofali zianze juu yake.

Kwa mteremko mdogo, wekeni mabomba ya plastiki ya inchi 3 kwenye kozi ya kwanza ya kusimama, usawa wa ardhi ya kwenu, kila mita 2. Kwa mita 24 ni mabomba 11 ukiacha kona. Yalaze yakiinama kidogo kuelekea kwake. Upande wenu, mbele ya kila bomba, mwageni kokoto upana wa sentimita 30, kina sentimita 30, vinginevyo udongo wa bustani utayaziba kabla ya masika ya kwanza kuisha. Msitumie ya inchi moja. Jani moja la mwembe linatosha kuliziba.

Ila kutoa maji kwa mabomba 11 kwenye uwanja wa mzee bila kumwambia ni ugomvi mwingine. Sasa hivi yanapita yametawanyika chini ya ua. Mkiyakusanya yatachimba. Kwa hiyo upande wake mchimbe mtaro wa wazi sambamba na ukuta, upana sentimita 30, umbali wa nusu mita kutoka msingini, ushuke kwenda kwenye mtaro wa barabara. Mteremko wa sentimita 1 kwa kila mita unatosha: kutoka nyuma hadi mbele ni sentimita 24. Pimeni kwa bomba la maji la fundi, ule mpira wa kutafutia usawa, kabla ya kuchimba, kwa sababu barabara ikiwa juu kuliko uwanja, maji hayatapanda, na itabidi mkubaliane kuyapeleka upande wa nyuma. Mtaro huo uandikwe kwenye makubaliano, na kuusafisha kabla ya Machi na kabla ya Oktoba iwe kazi ya pande zote mbili.

Zege likimwagwa limwagiliwe asubuhi na jioni siku 7. Msijenge zaidi ya kozi nne za kusimama kwa siku moja. Na ung'oaji wa michongoma ufanywe na mizizi yote ndani ya mtaro wa msingi itolewe, kwa sababu mzizi uliobaki chini ya zege huoza, unaacha tundu, na ufa unaanzia hapo.